Picha Niliyoizima

Mwaka wa 2010 nilikuwa nikiangalia saiba ya kompyuta nne hapa Gatina, shilingi moja kwa dakika. Mteja alilipia hata dakika za kungoja, kwa hiyo mimi sikuwa na wimbo mwingine ila kasi. Nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, zilikuwa zimefika Mombasa mwaka uliotangulia, lakini kwetu mashine zote nne ziligawana laini moja, na ukurasa wa barua pepe ulishuka polepole kama pazia linaloteremshwa na mtu mchovu.

Chrome, iliyotoka 2008, niliipakia kwa sababu ilikuwa nyepesi. Jambo lake kubwa sikuliona: sanduku moja la kuandikia. Vivinjari vingine vingi vilikuwa na mawili, la anwani na la kutafuta, na huko wateja waliandika swali zima kwenye lile la anwani, wakapotelea kurasa wasizozitaka huku dakika zikihesabika. Niliwaambia wajifunze. Haki ya Mungu, hawakuwa na kosa lolote.

Kwenye simu za batani nilipakia Opera Mini. Ukurasa ulipitia kwanza kwenye seva za kampuni ya Opera, ukabanwa hata kwa asilimia 90, ndipo ukaletwa kwenye simu. Kisha nikaingia mipangilio na kuzima picha. Kredo ilidumu, na ploti nzima ilinisifu.

Shosho mmoja, muuza sukuma wiki, aliniletea simu yake pia. Binti yake alikuwa Qatar. Baada ya miezi kadhaa akarudi akisema, "Kijana wangu, huyu msichana amejifungua na hataki nimwone mtoto." Nikaishika ile simu. Chini ya jina la binti kulikuwa na kisanduku kitupu, chini yake kingine, na kingine. Vilikuwa sita. Nikawasha picha. Ya kwanza ilichukua karibu dakika nzima kujaa, paji la uso kwanza, halafu macho, na Shosho alikaa kwenye benchi bila kupumua vizuri mpaka kidevu kikatokea.

Nilikuwa nimemwokolea shilingi chache, nikamficha mjukuu.

Siku hizi laini ina kasi, simu yake ni ya kugusa, na picha hazizimwi. Lakini ukurasa ukifunguka tu, tangazo linaruka, video inaanza kupiga kelele, dirisha linamtaka akubali jambo asilolijua, na bando linaliwa. Majuzi alinifuata tena. "Unaweza kunirudishia ile ya zamani? Ila picha uziache."

Tuliketi kwenye benchi lilelile, nikifunga madirisha moja baada ya jingine, hadi tukampata mjukuu. Amekuwa mrefu kumpita mama yake. Shosho alimtazama mpaka kioo kikazima chenyewe, akanipa simu nikiwashe tena.