Miaka 14 na Wajeda Waliotoka Vitani: Usimwite Chizi, Mwite Jina Lake

Nikisema mimi ni nesi wa magonjwa ya akili, na wagonjwa wangu ni wanajeshi waliotoka vitani, swali la kwanza la Wabongo wenzangu huwa hili: "Sasa dada, hao machizi hawakupigi?" La pili ni mshahara. Leo najibu la kwanza, la pili tuachane nalo.

Niko Marekani, kwenye hospitali ya maveterani. Wenzetu hawa wana wizara nzima ya askari wao wa zamani, yenye hospitali takribani 170. Mimi nilisomea uuguzi nyumbani, nikafanya mazoezi pale Mirembe, Dodoma. Si unajua Mirembe ilivyo midomoni mwa watu? Mtu akikukera kidogo tu, "mpelekeni Mirembe huyo". Nilivyofika huku nikahudumia vikongwe kwa miaka, nikafanya mtihani wa leseni, nikapata uraia, ndo nikaajiriwa. Sasa nina miaka 14 wodini.

Kupigwa? Nimesukumwa mara mbili. Mara zote mbili kuna mtu alikuwa amemgusa mgonjwa aliyelala. Ndiyo maana mgonjwa wangu akiwa usingizini simshiki bega. Nasimama upande wa miguu, namwita jina lake, napandisha sauti taratibu. Maana gizani mkono wangu kwake si mkono wa nesi. Pia simkalishi mtu mahali ambapo mlango uko nyuma ya mgongo wake. Na ikifika tarehe 4 Julai, siku yao ya uhuru, mtaani watu wanalipua fataki na kuchoma nyama, sisi wodini tunajua usiku huo hatulali.

Ugonjwa wenyewe wanauita PTSD. Kwa lugha nyepesi, ni kiwewe kilichogoma kuondoka. Vita imeisha, ila mwili haujapewa taarifa. Madaktari wa Marekani waliliingiza jina hilo kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1980, miaka mitano baada ya vita ya Vietnam kuisha. Fikiria vijana waliorudi kabla ya hapo. Wakanywa, wakaachika, wakalala nje, na mtaa ukasema ni tabia zao tu.

Tiba ipo. Kuna dawa ya presha inaitwa prazosin, wengine wanapewa ili ndoto za kutisha zipungue. Kuna tiba ya mazungumzo ambayo mtu anasimulia tukio lile lile tena na tena, na mtaalamu yuko pembeni yake, mpaka lipungue makali. Ila sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuuliza swali ambalo sisi nyumbani tunaliogopa: "Unafikiria kujiua?" Naliuliza hivyo hivyo, bila kuzunguka. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Kunampa mahali pa kuutua mzigo.

Akisema ndiyo, linafuata la pili: "Bunduki iko wapi?" Mwaka 2022 pekee, maveterani zaidi ya 6,400 walijiua Marekani, na takribani saba kati ya kila kumi walitumia bunduki. Ndiyo maana tunawapa kufuli za bunduki, bure kabisa. Utasema kufuli la nini wakati ufunguo anao mwenyewe? Sikia. Wazo la kufa mara nyingi linakuja kama wimbi, linapanda, linashuka. Zile dakika za kutafuta ufunguo zinaweza kumvusha mtu. Hapo hapo anaweza kupiga 988, akabonyeza 1, akapokewa na mtu wa kuongea naye, hata saa tisa usiku.

Wote hawavuki. Kuna kijana aliyepigana Afghanistan, nilimfundisha kusema "asante dada", akawa ananisalimia hivyo kila asubuhi. Aliruhusiwa siku ya Ijumaa. Jumatano tukaitwa kwenye kikao, nikajua kabla hata sijakaa. Siku hiyo nilimaliza zamu yangu kama kawaida kwa sababu kulikuwa na wengine kumi na moja wanasubiri dawa zao.

Aliyenibadilisha kabisa lakini ni mzee mmoja wa Vietnam. Wiki tatu hakutoa neno. Mimi nilikuwa nakaa naye tu, tunacheza karata. Siku moja akaniuliza kwetu kuna vita? Nikamwambia ilikuwepo. Amin aliingia Kagera Oktoba 1978, jeshi letu likamfukuza, na Aprili 1979 likaingia Kampala. Baba yangu mdogo alikuwemo. Mzee akashusha karata zake. Akauliza, "Na yeye alivyorudi, nani alikaa naye?"

Nikahesabu kichwani. Hakuna.

Baba mdogo kwetu mtaani walimwita Mjeda. Watoto wa jirani walikuwa wanapiga bati kwa jiwe akipita, ili tu wamuone anavyolala chini. Watu wazima nao wanacheka. Wengine wakasema amerogwa, wengine wakasema ni gongo.

Usiku ule nikapiga simu. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, hujambo?" Tukazungumza mvua, tukazungumza mahindi, mwisho nikamuuliza kama analala vizuri. Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema mvua ikipiga bati usiku anaamka na kuwahesabu wenzake. Walikuwa tisa. Kila akihesabu anapata wanane.

Hajapona, nisiwadanganye. Kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa alikwenda mara mbili, akaacha, akisema watu watamuita wa Mirembe. Mwezi uliopita amekubali kurudi, kwa sharti kwamba mwanawe amsindikize na wasishuke kituo cha karibu na sokoni, asionekane. Nimesema sawa baba, shukeni popote.

Kwa hiyo wewe mwenye babu, mjomba au kaka aliyewahi kuvaa gwanda: mpigie. Usimuulize aliua wangapi, hilo swali wanalichukia wote, wa Vietnam na wa Kagera. Muulize analalaje. Akinyamaza, usikate simu.