Mikono ya Mwana wa Mwashi

Kila mtu ana mikono miwili, lakini si kila mtu hupenda kueleza mahali mikono yake ilikofundwa kazi. Mimi nilipajua mahali pa mikono yangu, nikapaficha kwa muda wa miaka mingi. Aliyenifanya nipafichue ni mtu ambaye sijapata kuonana naye, mcheza mpira wa nchi ya mbali, jina lake Jerry Rice.

Baba yangu alikuwa mwashi katika mji wa Morogoro, na katika likizo zote za shule nilikuwa kibarua wake. Yeye alisimama juu ya jukwaa na mwiko wake na timazi yake. Mimi nilisimama chini, penye lundo la matofali ya kuchoma. Nilirusha tofali moja moja, naye alilidaka kwa mkono mmoja, akalilaza juu ya udongo, akanyosha mkono kutaka jingine. Viganja vyangu vilichubuka, kisha vikaota sugu. Nilipopanda madarasa nilianza kuwaonea haya wenzangu, na nilipoulizwa kazi ya baba yangu nilijibu kuwa ni mtu wa majengo. Jibu ambalo halikuwa uwongo, wala halikuwa kweli.

Mwaka 1989 nilikuwa mwanafunzi katika jimbo la California. Usiku na mchana nilikalia vitabu, si kwa sababu nilivipenda, bali kwa sababu niliogopa kushindwa na kurudishwa nyumbani. Jumapili moja ya mwezi wa Januari wenzangu walinivuta ukumbini kutazama fainali ya mpira wa Kimarekani katika televisheni.

Mchezo huo haufanani na kandanda yetu. Kila upande una watu 11, na upande wenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ukishindwa, mpira huwa wa wapinzani. Mrushaji hukaa nyuma ya ukuta wa wenzake. Mpokezi husimama pembeni, na mchezo uanzapo hutimka mbio katika njia iliyopangwa hatua kwa hatua. Aghalabu mpira huwa umekwisha kurushwa kabla mpokezi hajageuka kuutazama. Mrushaji hamlengi mtu, hulenga mahali. Na mpokezi asipofika mahali pale kwa wakati wake, kazi ya wote huharibika. Kwa hiyo mbio peke yake hazimtoshi mpokezi. Yampasa awe mwaminifu kwa hatua zake kama mwashi alivyo mwaminifu kwa timazi.

Siku hiyo San Francisco walipambana na Cincinnati mjini Miami. Rice alidaka mara 11, akapata yadi 215. Dakika tatu hivi zilipobaki, San Francisco walikuwa nyuma kwa pointi 16 kwa 13, na kutoka walipokuwa mpaka mstari wa ushindi palikuwa na yadi 92. Mrushaji wao, Joe Montana, aliwaongoza kidogo kidogo, na katika mwendo huo Rice alidaka mara tatu. Mpira wa mwisho ulidakwa na mwenziwe, John Taylor, sekunde 34 kabla ya saa kwisha. Ushindi ukawa 20 kwa 16, na Rice akateuliwa kuwa mchezaji bora wa siku ile.

Ndipo mwenzangu mmoja aliponiambia, “Huyu ni mtoto wa mwashi.” Nilidhani ananitania, maana sikuwa nimemweleza mtu habari zangu. Nikasoma, nikaona kuwa ni kweli. Rice alizaliwa mwaka 1962 katika jimbo la Mississippi, akalelewa Crawford. Yeye na ndugu zake walimsaidia baba yao kazi ya uashi. Alikaa juu ya jukwaa akirushiwa matofali, naye akiyadaka. Hakusoma katika chuo chenye sifa kubwa. Alikwenda Mississippi Valley State, chuo kidogo cha watu weusi. Mwaka 1985 San Francisco walimchukua, akiwa mtu wa 16 katika uteuzi wa mwaka ule. Msimu wake wa kwanza aliangusha mipira mingi, na watazamaji wa nyumbani wakamzomea. Hakuwajibu kwa kinywa. Alipanda vilima kwa mbio wakati wengine walipokuwa wamelala. Mwaka 1987, katika msimu uliokatwa na mgomo, alidaka mabao 22 katika michezo 12. Wala hakuona haya kueleza kuwa mikono yake ilifundwa na matofali.

Usiku ule nilimwandikia baba barua. Baada ya kumwamkia nilimweleza habari za mtu huyu, nikamwomba radhi pasipo kutaja kosa. Alinijibu kwa mistari michache: “Mwanangu, tofali halina aibu. Siku utakayopewa shahada unipe habari, nami nije nitazame.”

Nilirudi nyumbani. Mwaka 1993 nilipopewa shahada ya pili mjini Dar es Salaam, baba alikwisha kushona kanzu mpya. Nilimwambia, “Baba, hii ni ndogo, ngoja ile kubwa.” Mimi mwenyewe sikwenda, nilikuwa nimekwisha kuanza kuihofu ile inayofuata. Baba alifariki mwaka 1996, na ile kubwa sikuipata mpaka miaka miwili baadaye.

Rice aliendelea. Agosti 1997 goti lake liliumia vibaya. Akarudi uwanjani Desemba ya mwaka ule ule, mapema kupita ilivyotazamiwa, akadaka bao, na katika kuanguka kwake mfupa wa goti ukavunjika. Hata hivyo alirudi tena. Alicheza misimu 20, akaacha mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 42. Alikuwa amedaka mipira 1,549, akipata yadi 22,895. Larry Fitzgerald, aliyemkaribia kwa wingi wa mipira, alikoma penye 1,432.

Mwaka 2010 aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo mjini Canton, Ohio. Mbele ya umati alikiri kwamba kilichomsukuma miaka yote ni hofu ya kushindwa, na kwamba ana jambo moja la kujutia: hakujipa wasaa wa kuifurahia kazi yake. Niliposoma maneno hayo niliweka gazeti chini. Nilikuwa nimemwiga mtu huyu katika bidii yake kwa miaka 20, kumbe nilikuwa nimemwiga na katika majuto yake pia.

Watu wengi husema kwamba pasipo hofu ile asingefika alikofika. Labda ni kweli. Lakini namkumbuka mwashi mwingine, asiyejulikana na mtu nje ya mtaa wake. Kila jioni baba alishuka jukwaani, akanawa mikono, akarudi nyuma hatua kumi, akautazama ukuta. Kisha aliniita, “Njoo uone tulichofanya.” Kesho yake palikuwa na ukuta mwingine, na ule hakuuacha upite pasipo kutazamwa. Kuta zake zimesimama mpaka leo, wala hazikujengwa kwa hofu.

Mimi sasa ni mwalimu mzee. Mwaka huu mwanafunzi wangu mmoja aliniambia kwamba hatakwenda mahafali, kwa kuwa shahada ya kwanza si kitu. Nilimwuliza kama wazazi wake wako hai. Akajibu kuwa mama yake yuko, anauza samaki. Nikamwambia, “Basi nenda, na umwite mama yako.”