Asali ya mama

Nilipotea kidogo, mitihani ilinibana. Leo nawapa habari ya asali.

Kwetu ni Igalula, wilaya ya Uyui, kwenye reli ya kati. Mama anauza asali, ndiyo iliyonisomesha mpaka nikafika hapa chuo. Lebo nilichora mwenyewe: mzinga wa gome na jina la marehemu bibi. Basi bwana, mwaka jana tukaikuta dukani Tabora mjini. Jina lilelile, mzinga uleule, asali si yetu! Mama hakugomba. Alirudisha kopo mahali pake, tukaondoka. Iliniuma kweli.

Baadaye akaja chuoni wakili kutoa msaada wa kisheria. Kazi yake ni alama za biashara za makampuni makubwa ya Dar, ila akina sie anatusaidia bure. Nilijua atasema twende mahakamani. Akauliza, "Mmesajili?" Kimya. Kumbe kwa sheria ya mwaka 1986, haki ya kutumia alama peke yako inatokana na kuisajili BRELA. Ukisajili unalindwa miaka 7, halafu unahuisha kila miaka 10.

Akaangalia kwenye daftari: yule jamaa naye hajasajili. Tukajaza fomu siku hiyohiyo. Ada ya serikali nikatoa kwenye bumu, ndiyo maana mnaniona nakula maharage tu.

Nikampigia mama. "Wakili analipwa na nani?"

"Hakuna, mama."

Akanyamaza. "Basi mpelekee asali. Ile yenye jina la mama yangu."

Majibu bado tunasubiri. Nitawajuza.