Hoteli ya stesheni na sisi watu wa meli

Dodoma ipo hoteli kubwa ya zamani, jirani kabisa na stesheni ya reli ya kati. Nimewahi kulala pale nikiwa kazini. Raha ya hoteli ya stesheni si godoro jamani! Ni kujua kwamba hata treni ikichelewa, unashuka na begi lako, unatembea hatua chache, unalala.

Sisi wa Kagera hatuna reli. Stesheni yetu ni bandari: Bukoba mjini, na Kemondo kwa tunaotoka Muleba. Hoteli yetu ni meli yenyewe. Unapanda usiku, unalala majini, unaamkia Mwanza.

Mei 21, 1996 asubuhi, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Wakafa watu zaidi ya 800. Tangu hapo, mtu akipanda meli, kwetu hawalali mpaka apige simu kwamba kafika.

MV Victoria ilirudi ziwani mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Safi sana. Lakini mgeni wa hoteli analipia usingizi, si kitanda. Usingizi wa mama aliyebaki Muleba, nao unauzwa dirisha lipi?