Ulimi wa Picha Bubu

Picha bubu ya sinema haina ulimi, lakini haina uhaba wa maneno. Maneno yake humngojea mtu wa kuyasema, na mtu huyo afunguapo kinywa hubeba dhamana kubwa kuliko adhaniavyo.

Brown of Harvard ni moja ya picha hizo. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1926 na kampuni ya MGM, ikaongozwa na Jack Conway. William Haines ni Tom Brown, mwanafunzi mchangamfu mwenye majivuno. Mary Brian ni Mary Abbott, binti wa profesa. Naye Francis X. Bushman Jr. ni Bob McAndrew, kijana mtulivu. Vijana wawili hawa hushindania msichana mmoja na nafasi moja katika mashua ya chuo. Katika makasia Bob ni bora; Tom apewapo nafasi yake ili wapambane na Yale, huishia katika aibu. Baadaye, katika mpira wa Kimarekani, humwachia Bob heshima ya kufunga. Hilo ni tendo la kiungwana, na mwisho Mary huwa wake. Lakini mapema katika hadithi, karamuni, Tom alimbusu Mary kwa nguvu. Wanaume wawili walipigana kwa ajili ya busu lile. Kisha ushindi ukalifunika kosa.

Waswahili wanaijua kazi ya kuisemea picha. Kati ya 1935 na 1937 mradi mmoja wenye makao Vugiri, Usambara, ulitengeneza picha za kuwafunza Waafrika, zikatembezwa kwa lori, na maneno yake yakatoka katika sahani za santuri. Miongo mingi baadaye vijana walijaa kwenye mabenchi ya vibanda vya video vya Kinondoni na Temeke, na wafasiri kama Lufufu wakawasimulia kwa Kiswahili picha za nchi za mbali. Hawakufasiri tu: walitania, walionya, waliongeza yao. Wajapani nao, zama za picha bubu, walikuwa na wasimulizi wa namna hiyo, walioitwa benshi.

Basi kama picha ya Tom ingewekwa katika kibanda cha Temeke, mfasiri angesema nini afikapo kwenye busu lile? Akicheka, kibanda kizima hucheka naye, na kijana wa benchi la mbele huondoka akiamini kuwa kukataa kwa msichana ni mlango wa kusukumwa. Akinyamaza, kimya chake huwa ridhaa. Akisema, "Hapa Tom amekosa," hapunguzi utamu wa hadithi. Huuzidisha, kwa kuwa watazamaji wamelijua deni ambalo Tom anapaswa kulilipa. Yuko atakayedai kwamba mfasiri hana haki ya kuongeza neno. Lakini aliyetia mzaha amekwisha kuongeza. Kilichobaki ni kuuliza ameongeza nini.

Mashua kubwa ya mashindano ya vyuo ina wapiga makasia wanane, nao huketi wakiwa wamegeuza migongo kule waendako. Wa tisa hana kasia. Huketi akitazama mbele, ameshika usukani, na sauti yake ndiyo macho ya wenziwe. Mfasiri wa picha ni huyo wa tisa. Hakuiunda mashua wala haivuti, lakini ikigonga mwamba hawezi kusema kwamba hakuwamo.