Suluhu

Leo nakuletea neno moja: suluhu. Nililifundisha kwa miaka kadhaa huku Bwera kabla ya kulielewa. Aliyenielewesha ni kijana wa sekondari, katika mashindano ya sataranji mjini Kasese.

Nilicheza na kete nyeupe. Nilisogeza askari wa mfalme miraba miwili, naye akafanya vivyo hivyo. Nikatoa farasi, akatoa wake. Nikampeleka askofu kumtishia farasi yule. Badala ya kumfukuza askofu, kijana akatoa farasi wa pili. Huo ndio ulinzi uitwao Berlin. Mwaka 2000, jijini London, Vladimir Kramnik aliutumia dhidi ya Garry Kasparov, ambaye hakushinda hata mchezo mmoja kati ya 15, akapoteza taji la dunia. Mara nyingi malkia wote wawili hutoka ubaoni mapema, lakini ukuta wa mweusi haubomoki kwa urahisi.

Baada ya saa mbili nilikuwa na askari mmoja wa ziada. Kijana akasogeza ngome yake, na kabla ya kubonyeza saa akasema kwa adabu, "Mwalimu, napendekeza suluhu." Nikakataa. Wanafunzi wangu walikuwa wakitazama. Niliona haya kugawana pointi na mtoto. Nikahangaika bila kupenya, hadi nikabakiwa na dakika moja, naye ana kumi. Sasa mwombaji nikawa mimi. Angeweza kukataa na kuniacha nishindwe kwa saa. Akanipa mkono.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini alikubali, alijibu, "Ubao ulikuwa sawa, Mwalimu."

Watangazaji wa kandanda husema "sare" timu zikifungana mabao sawa, na "suluhu" pasipopatikana bao. Lakini suluhu ni pia mapatano baada ya ugomvi. Ndiyo maana tuna vitenzi na nomino kama kusuluhisha, usuluhishi na msuluhishi. Raia wawili wanaogombea mpaka wa shamba mbele ya baraza la kijiji huhitaji alichokuwa nacho kijana yule: kuutazama ubao wenyewe, si umri wa aliyeketi upande wa pili, wala macho ya watazamaji.

Zoezi: tunga sentensi mbili kwa neno "suluhu", moja ya michezo, nyingine ya ugomvi ulioushuhudia ukiisha. Kisha jiulize ni nani aliyetangulia kunyoosha mkono.