Barabara ya Shaba na Unga

Mwezi huu ninawaomba mupande basi pamoja nami. Tunatoka Kolwezi asubuhi mapema, tunaenda Lubumbashi, safari ya kilometa karibu 300. Usilale njiani, ndugu. Fungua dirisha, uangalie makamyo.

Yale yanayokwenda upande wetu yamebeba sahani za shaba na mifuko ya kobalti. Yatapita Likasi na Lubumbashi, yatavuka mpaka Kasumbalesa, kisha yataendelea hata kwenye bandari za mbali. Na yale tunayokutana nayo? Mengi yanatoka kusini na unga ya mahindi, mafuta, sukari, hata biskuti za batoto. Shaba inashuka, unga inapanda. Udongo wetu unalisha viwanda vya dunia, lakini bukari ya mangaribi tunaingojea kutoka kwa jirani.

Mwaka 2024 tuliona hatari yake. Ukame ulipiga Zambia, na mwezi wa pili serikali yao ikatangaza kwamba ni msiba wa taifa. Mwezi wa nane wa mwaka uleule, mpaka ukafungwa kwa siku chache juu ya ugomvi wa biashara kati ya inchi zetu mbili. Mama anayenunua unga kwa kipimo kidogo kidogo sokoni hahitaji mtu kumueleza maana ya mambo hayo. Sufuria yake inamueleza.

Sasa tushuke. Tumepita Fungurume, na pembeni ya barabara kuna njia ya udongo. Mifuko ya makala imepangwa pale ikingoja wanunuzi. Ndiyo miti iliyokuwa pori. Tunatembea mpaka kijijini, ambako mzee wa kanisa ananikaribisha na kunionyesha mahindi yake ndani ya mifuko. Ninachota kwa mkono: wadudu wamekwisha kuyatoboa.

—Pasta, si kama hatujui kulima, ananiambia. Batoto betu bote beko ku mashimo. Na barabara, unaiona wewe mwenyewe, ilishakufa.

Alivuna vizuri. Lakini mvua ilikata njia, kamyo haikufika, na muchuuzi mmoja mwenye pikipiki akaja kupanga bei jinsi alivyotaka. Mzee angefanya nini? Aliuza nusu, nusu ikabakia kwa wadudu.

Tusiwahukumu vijana haraka. Ndani ya shimo unaweza kupata feza leo. Shambani unapanda mvua ikianza, mwezi wa 11, na unavuna mwezi wa 4 ao wa 5. Mwenye njaa anahesabu siku, hahesabu miezi.

Lakini shimo lina mwisho, na sisi watu wa Katanga tulishaona. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani karibu 476,000 za shaba. Mwaka 1994 zilikuwa karibu 30,000 tu. Wakati ule mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mama yangu alichukua jembe, akafungua shamba nje ya mji, na mimi nilimusindikiza. Ninaungama mbele yenu: nilipoona wanafunzi wenzangu wakija, nilitupa jembe na kujificha ndani ya majani. Niliona haya. Na mangaribi nilikula bukari ya shamba lile lile bila haya hata kidogo.

Leo kuna jambo ambalo wazazi wetu hawakuwa nalo. Sheria ya madini ya mwaka 2002 iligeuzwa mwaka 2018. Kodi ambayo kompani inalipa juu ya madini inayouza inagawanywa hivi: 50% kwa serikali kubwa, 25% kwa jimbo, 15% kwa mji, komini, sekta ao usultani ambamo madini yanachimbwa, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kompani inapashwa kutoa 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa kazi za maendeleo ya wenyeji, chini ya kamati ambamo wenyeji nao wanakaa.

Asilimia hizo zinaweza kuwa daraja kwenye njia ile ya udongo, ghala lisiloingiza wadudu, mbegu na mbolea kabla ya mvua. Zinaweza pia kuwa nyumba nzuri ya mkubwa mmoja. Tofauti iko wapi? Iko kwa watu wanaouliza. Kwa hiyo, mahali penu kukiwa mkutano, simama kwa heshima, uulize: Tulipokea ngapi? Tulifanya nini nayo? Kuuliza si uasi. Ni kazi ya mwenye nyumba.

Yosefu hakungoja miaka ya njaa ndipo ajenge maghala. Aliweka akiba ngano ilipokuwa nyingi. Kwetu, miaka hii ambamo makamyo yanashuka na shaba usiku na mchana ndiyo miaka ya wingi.

Basi limefika Lubumbashi, ni mangaribi, tushuke. Wewe kijana, mvua za mwezi wa 11 zinakuja. Kama kazi yako ni ya madini, ifanye. Lakini tafuta pia kipande cha udongo, hata kidogo. Na siku mama yako atakapopita njiani na jembe begani, usijifiche ndani ya majani. Mupokee lile jembe.